Kitabu Kilichokataa Kuisha

Jumamosi iliyopita nilipiga kelele mbele ya watu, mimi mtu mzima mwenye watoto wawili na heshima zangu. Nilikuwa kwenye kibanda cha vitabu vya mtumba mjini Nakuru, nikipekuapekua kupitisha wakati huku fundi wa jirani akinibadilishia kioo cha simu. Chini ya rundo la vitabu vya hesabu nikaona kona ya jalada la kijani lililopauka. Nikavuta. Msichana amebeba birika kubwa kuliko kichwa chake, nyuma yake milima, na juu ya mlima wa mwisho wingu jeupe likitoka kileleni kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Milima Sita ya Sikudhani.

"Ndicho!" nikapaaza sauti.

Muuza vitabu aliruka kwenye kiti chake. "Madam, umenishtua! Nilidhani umeibiwa."

"Boss, hiki kitabu kiko na kurasa za mwisho?"

"Za mwisho aje? Kitabu ni kitabu, si iko na mwanzo na iko na mwisho."

Angejua! Nilikigeuza, nikafunua nyuma. Sura ya mwisho ilikuwepo, nzima, kurasa zake zimeshikamana kwa kukosa msomaji. Jicho likataka kuteremka kwenye mstari wa kwanza, nikalizuia. Nilikuwa nimezitamani kurasa hizo tangu nikiwa na miaka tisa, lakini hazikuwa zangu peke yangu. Nikakinusa kitabu, tabia ambayo mume wangu huicheka, na ile harufu ya unyevu iliyokuwa humo ikanibeba mzimamzima hadi Eburru, mbele ya paipu ya Shosho, nyanya yangu.

Nilikuwa mtoto wa pumu. Mliokulia Nakuru mnalijua vumbi letu, lile la kiangazi linaloingia nyumbani bila hodi na kukaa hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wenzangu walilipiga chafya yakaisha. Mimi lilinikaba. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ikikaa kwenye veranda ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na mara ngapi aliliacha shati la mtu lina mkono mmoja akanikimbiza kwa daktari. Nyumbani dawa yetu ilikuwa kujifukiza. Majani ya blugamu, yaani mkaratusi, kwenye sufuria ya maji moto, kichwa changu chini ya blanketi, na Mama nje ya blanketi akinihimiza, "Vuta! Vuta tena!" Nikivuta ile harufu kali kifua kilifunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Hiyo blugamu msiisahau, itarudi kutuaibisha.

Mwishowe daktari akamwambia Mama anitoe kwenye vumbi kwa muda, na Mama akaamua nikakae kwa mama yake, mlimani Eburru. Siku ya kuondoka, mwenye duka, mama tuliyemwita Mama Nilesh, alinishikisha kitabu kilichokuwa cha mwanawe.

"Chukua, beti, binti yangu," akasema. "Huko mlimani hakuna TV. Lakini soma pole pole. Ikiisha, hakuna ingine."

Sikusoma polepole. Nilimaliza mlima wa kwanza nikiwa kwenye pickup ya Anko Kimani, ndugu yake Mama, aliyekuwa akinipeleka. Sikudhani alikuwa wa umri wangu. Visima vya kwao vilikuwa vimekauka kwa sababu chini ya mlima wa sita, mbali kuliko alikowahi kufika mtu, lililala jitu ambalo pumzi yake ndiyo mawingu, na jitu hilo lilikuwa limeanza kushindwa kupumua. Yalikuwepo maneno ya kuliamsha, ila hakuna aliyeyajua. Basi Sikudhani akachukua birika la nyanya yake akaenda kuyatafuta. Hapo gari likapinda kona ya mwisho, nikainua macho kutoka kitabuni, nikaona ardhi inapumua.

Sisemi kwa mafumbo. Eburru mvuke hutoka ardhini wenyewe, kwenye nyufa za mawe na katikati ya vichaka vya leleshwa, na asubuhi mlima mzima hufuka kama jikoni kwa mwenye harusi. Mlima huo hauna mto. Maji yake hayachotwi, hutegwa. Shimo la mvuke hufunikwa kwa bati, mvuke ukaelekezwa kwenye paipu ndefu iliyolazwa kwa mteremko, na humo ndani ukipoa hugeuka maji, yakadondoka tone kwa tone kwenye pipa. Leo ninaielewa sayansi hiyo. Siku ile nilichokiona ni paipu inayotoka chini ya mlima, ikipiga mluzi mwembamba, fiii, fiii, na mluzi huo niliujua. Ulikuwa mluzi wa kifua changu mwenyewe siku za vumbi.

Nilimvuta Anko Kimani shati. "Anko! Jitu liko na pumu!"

"Shuka tumsalimie shosho yako," akasema.

Shosho hakuwa nyanya wa kubembeleza. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye gambuti za mpira za marehemu mumewe na mdomo usiojua likizo. Alibishana na redio. Alibishana na ng'ombe wakati wa kumkama. Darasani hakuwahi kuingia, na kalamu pekee iliyokuwemo nyumbani mwake aliitumia kujikunia mgongo. Alinipokea kwa kunishika kifua kwa viganja viwili kama anayechagua kabichi sokoni, akasikiliza, akasema, "Hii tutatengeneza." Nikampenda hapo hapo.

Kila nilipotoka shule ya pale mlimani nilikimbia hadi kwenye paipu na kitabu changu. Katika kitabu, mtu wa mlima wa kwanza alikuwa amemwambia Sikudhani kwamba jitu huzidiwa likikosa wa kulisemesha. Hilo nililielewa vizuri sana, kwa maana hata mimi pumu ilinibana zaidi nikiwa peke yangu. Basi nikachutama pale, mdomo karibu na bati, nikalisomea jitu kwa sauti.

"Unasomea nani?" Shosho akauliza nyuma yangu. Alikuwa na ndoo ya maziwa mkononi.

"Jitu, Shosho. Liko chini. Haliwezi kupumua."

Nilingoja kuchekwa. Shosho akaitazama paipu, akanitazama, akageuza ndoo nyingine akaikalia.

"Kama yeye anasikia, hata mimi niko na masikio. Anza mwanzo."

Ndivyo tulivyoanza, na sijawahi tena kupata msikilizaji kama yule. Jioni baada ya jioni nilimkuta amekwisha kaa kwenye ndoo yake, viazi vya kumenya mapajani, akijifanya hanisubiri. Kwenye mlima wa pili mwangwi hukujibu kabla hujauliza, na Sikudhani akaambiwa "hapana" asijue amenyimwa nini. Shosho alishika kichwa. "Haiya! Sasa si auliza kitu mbaya, ndio hiyo hapana ikuwe nzuri!" Nikafunua ukurasa, na ndivyo Sikudhani alivyofanya hasa! Nilipiga makofi, Shosho akatema mate pembeni kwa majivuno kama mtu aliyefunga bao. Kwenye mlima wa tatu lilikuwepo soko la kuuza vivuli. Alipotokea mzee mwenye mizani na kumwomba Sikudhani kivuli chake ampe unga, Shosho alisimama, viazi vikamwagika.

"Usiuze! Wewe mtoto, jua ya mchana utajificha wapi? Mwambie asiuze!"

"Shosho, siwezi kumwambia, imeshaandikwa."

"Wewe mwambie tu."

Nikainama kwenye kitabu nikamwambia Sikudhani asiuze. Alikuwa ameshauza. Shosho aliviokota viazi vyake kimoja kimoja kwa hasira.

Sasa, blugamu. Kadiri kiangazi kilivyozidi mluzi wa paipu ulipungua nguvu, na mimi nikaona wazi kwamba mgonjwa wangu anazidiwa. Dawa nilikuwa naijua. Nilipanda kwenye mti wa jirani nikachuma majani hadi fulana ikajaa, nikainua bati la kufunika shimo nikitumia kijiti, nikayasukumia yote ndani, kisha nikasimama juu yake kama Mama nikihimiza, "Vuta! Vuta tena!" Kesho yake chai ya Shosho ilinuka kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ng'ombe alinusa maji akarudi nyuma. Jirani aliyeazimwa mtungi mmoja alikuja mbio kuuliza kama mlima unataka kulipuka.

"Nani ameweka majani kwa maji yangu?" Shosho akanguruma, ingawa mkosaji alikuwa mmoja tu katika boma lote.

"Lilikuwa linakohoa, Shosho."

Alifungua mdomo kunigombeza. Mabega yakaanza kumtikisika, akageukia ukuta, na hadi leo anakana kwamba alicheka. Tulikunywa chai ya blugamu siku hizo zote hadi pipa likatakata, na kifua changu, nawaambia, hakijawahi kuwa chepesi vile.

Lakini maji yalikuwa yanapungua kweli. Mvua ilikuwa imesita kuja, jua liliichoma ile paipu kutwa nzima, na pipa lililokuwa likijaa kufikia asubuhi likawa halifiki hata nusu. Shosho aliacha kuosha gambuti. Maji ya kuogea tulimpa ng'ombe. Ndipo Anko Kimani akapanda mlima, akaketi, akavua kofia, na mtu wa Nakuru akivua kofia ujue ana neno.

"Mami, hii maneno tumeongea mara mingi. Maji imeisha. Magoti inakuuma. Niko na chumba nyuma ya nyumba, pale London, iko na stima, iko na maji ya mfereji. Utakaa kama malkia."

London ni mtaa wa kwetu Nakuru, msije mkadhani tulikuwa na uwezo huo.

"London nitaongea na nani?" Shosho akauliza. "Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe tutauza, Mami."

Shosho alimtazama ng'ombe. Akaitazama paipu. Kisha akanitazama mimi na kitabu changu.

"Sawa," akasema. "Nitakuja. Lakini huyu mtoto ananisomea hadithi, na mimi siwezi kutoka katikati ya hadithi kama mwizi. Kitabu ikiisha, kuja na gari."

Anko Kimani aliangalia unene wa kitabu, akapumua kwa furaha. "Hiyo tu? Mami, hiyo ni siku kidogo! Wewe," akaniambia, "soma haraka."

Hakuwa na haja ya kunihimiza. Kwangu mimi kuhama kulikuwa kurudi kwenye vumbi na kuliacha jitu life peke yake chini ya mlima. Lakini nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulinifanya nisishike usingizi kwa furaha. Maneno ya kuliamsha jitu yangekuwa kwenye sura ya mwisho, yangekosaje kuwa humo? Ningeyafikia, ningeyasoma kwenye paipu, maji yangerudi, na hakuna mtu angehama! Kilichotakiwa ni mbio.

Na hapo ndipo Shosho alipoanza kunichosha. Tulikuwa tukienda kasi, sasa akawa mzito. "Rudia hapo." Nikarudia. "Huyo mbuzi wa jicho moja wa mlima wa nne alikuwa rangi gani?" Haijaandikwa, Shosho. "Basi soma tena pengine iko." Alilala katikati ya mlima wa tano, huyo aliyekuwa hapepesi macho kwenye soko la vivuli, akaamka akidai nianze mlima upya. Alikumbuka ghafla kwamba viazi havijamenywa, kwamba kuku hawajahesabiwa, kwamba leo ni siku ya ibada ya kina mama, na ibada yenyewe ilikuwa ya wiki iliyopita. Nilimkasirikia sana. Nilidhani amezeeka, kwamba akili imeanza kupungua pamoja na maji. Nililia nyuma ya zizi nikimwonea uchungu, kisha nikarudi nikamsomea tena juu ya mbuzi wa jicho moja.

Hata hivyo kitabu ni kitabu, kinasonga. Jioni moja Sikudhani akaufikia mlima wa sita. Mlango ulikuwa wa jiwe, na nyuma ya mlango ikasikika pumzi, hafifu, yenye mluzi. Sikudhani akaweka birika chini. Akainua mkono agonge. Nikamwambia Shosho kesho tunamaliza, nikaenda kulala nikiwa nimekumbatia miguu yangu mwenyewe kwa msisimko.

Kesho yake nilitoka shule mbio, nikakichukua kitabu juu ya kabati ya vyombo, nikakifungua pale penye mlango wa jitu. Baada ya mlango hapakuwa na kitu. Kulikuwa na jalada tu, lile la nyuma, tupu na la kijani. Kurasa zote za sura ya mwisho zilikuwa zimetoweka.

Nilipiga ukemi uliowatawanya kuku. Shosho alitoka jikoni akifuta mikono, akakitazama kitabu, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Ni huyo ndama," akasema. "Juzi alikula soksi yangu. Hiyo mnyama haina adabu."

Nilimfuata ndama nikamfunua mdomo. Nililia mkono ukiwa mdomoni mwa ndama. Maneno yalikuwa yameenda, jitu lingekufa, na kitu kibaya zaidi, nje ya lango pickup ya Anko Kimani ilikuwa inanguruma ikipanda. Alikuwa amepiga hesabu zake akaona kitabu lazima kimeisha.

Alikuja na kamba na kijana wa kupakia. Viti viwili vya Shosho vikapanda gari, likafuata godoro. Shosho alikaa kwenye ndoo yake kando ya paipu, mikono mapajani, hakubishana na mtu.

"Mami, kitabu imeisha?" Anko akauliza.

"Uliza msomaji," Shosho akajibu, na wala hakunitazama.

Wote wakanigeukia. Nakumbuka paipu ikilia kidogo kabisa, fii. Nakumbuka godoro la Shosho limekunjwa juu ya gari na doa lake la chai likionekana na ulimwengu mzima, na aibu hiyo iliniuma kuliko chochote.

"Bado, Anko," nikasema.

"Hebu leta." Akakichukua, akakipindua. "Si hii imefika mwisho?"

"Imeraruka, haijaisha. Sikudhani yuko mlangoni. Hajaingia."

"Basi ameingia, wakaishi raha mustarehe. Twende."

"Kimani!" Shosho akafoka, na sauti yake ya zamani ikarudi. "Huwezi kusukuma mtoto wa watu ndani ya mlango na haujui ndani kuna nini! Wacha mtoto aseme."

Nikavuta pumzi, nikasema. Sikujua ninalosema hadi lilipokuwa limetoka. Nikasema Sikudhani aligonga na mlango ukamjibu kwamba jitu halipo, lilihamia mlima wa saba usioandikwa kwenye kitabu chochote. Nikasema njia ya kwenda huko inapitia ndani ya birika. Macho ya Shosho yakawaka. Nikamwingiza Sikudhani kwenye birika lake mwenyewe, nikamtoa kwa mdomo wa birika upande wa pili, kwenye nchi ambako watu hutembea juu ya mvuke wakiwa wamevaa gambuti za mawe wasipeperuke. Yule kijana wa kupakia akaweka chini kamba. Anko Kimani akaegemea gari, baadaye akakaa nyuma ya gari miguu ikining'inia, baadaye akauliza, "Na birika ameliacha wapi, kama alipitia ndani yake?" Swali hilo lilinipa jioni nzima. Jua likashuka, barabara ya Eburru si ya kushuka gizani, godoro likateremshwa.

"Nitarudi Jumamosi," Anko akasema kwa ukali.

Alirudi Jumamosi, na mitungi ya maji nyuma ya gari, kwa ajili ya ng'ombe alisema. Aliishusha, akaketi, akauliza kitabu kimeisha. Bado. Jumamosi iliyofuata vilevile. Milima ikaongezeka, wa saba, wa nane, nami nikawa nimelewa na jambo hilo. Nilitembea shuleni nikicheka peke yangu. Niligundua kwamba nikifungua mdomo mlima unatokea, na hakuna furaha niliyoijua kabla ya hiyo wala baada yake inayolingana nayo, na hapo sisahau siku nilipofunga ndoa.

Jumamosi moja nikaamua Sikudhani alipate jitu. Lilikuwa limelala kwa ubavu, likipiga mluzi. Maneno ya kuliamsha sikuwa nayo, kurasa zilikuwa tumboni kwa ndama. Nikawaza jitu lenye pumu mtu anaweza kuliambia nini, na nikasikia sauti ya Mama nje ya blanketi. Sikudhani akalifunika jitu kwa ukungu, akapiga magoti sikioni pake, akasema, "Vuta. Vuta tena." Nilisema hivyo nikiwa nimeinama kwenye paipu, kwa sauti kubwa. Shosho akasema pamoja nami. Na, wallahi, hata Anko Kimani alisema, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, akiwa ameinama kwenye bati.

Baridi ikashuka wiki ile. Ukungu uliteremka mlimani ukakaa, paipu ikawa baridi kama chuma cha asubuhi, na ndani yake mvuke ukapoa na kugeuka maji kwa wingi. Tone kwa tone likawa tone tone tone, kisha uzi mwembamba, na asubuhi moja tukaamka pipa linafurika na kuku wanaogelea matope. Nilikimbia uwanjani nikiwa na nguo ya kulalia nikipiga kelele kwamba linapumua, linapumua! Shosho alijua vizuri kazi ya baridi. Alikuwa ametega maji hayo tangu ujana wake. Hakusema hata neno moja la baridi. Alitoka na gambuti zake, akashika mikono yangu, tukaruka pamoja katika lile tope.

Anko Kimani alilitazama pipa, akacheka, akakiri kushindwa. Suala la London likawekwa kando. Mama alikuja kunichukua kifua kikiwa kizima, kabla Sikudhani hajatoka kwa jitu, na tangu hapo katika ukoo wetu mtu akiombwa kufanya jambo asilolitaka husema, "Kitabu bado." Anko huuliza hadi leo. Kila kiangazi humpigia simu mama yake: kitabu kimeisha? Mwaka huu ameuliza kwa uzito zaidi, kwa sababu magoti ya Shosho sasa yanamuuma kweli.

Jumapili, siku moja baada ya kukipata kitabu, nilipanda Eburru. Shosho amepungua mwili, mdomo haujapungua. Nilimkuta kando ya paipu, kwenye kiti cha plastiki siku hizi, nikamwekea jalada mbele ya macho. Alilishika akalileta karibu na pua.

"Ni yeye!"

"Ni yeye, Shosho. Na mwisho uko."

Alinirudishia kitabu. Kisha akasema polepole, "Basi soma."

Nikasoma. Sikudhani akagonga, mlango ukafunguka, jitu likauliza nani. Na yale maneno, ambayo nilikuwa nimeyalilia mkono ukiwa mdomoni mwa ndama, yalikuwa mawili: "Amka, twende." Jitu likaamka. Likamfuata Sikudhani, na watu wa milima yote sita wakafunga mizigo yao wakawafuata, wakashuka hadi kwenye mji mkubwa kando ya mto usiokauka, na huko wakaishi. Mwisho.

Paipu ikadondosha.

"Ati walihama?" Shosho akauliza.

"Walihama."

"Wote?"

"Hata jitu, Shosho."

Mabega yakaanza kumtikisika. Safari hii hakugeukia ukuta. Alicheka hadi machozi yakaingia kwenye mikunjo ya mashavu yake, akapiga goti lake bovu akaumia akaendelea kucheka.

"Basi nilifanya vizuri kuwasha nayo moto!"

Nilimtazama. "Si ulisema ni ndama?"

"Ndama gani anakula karatasi kwa laini imenyooka hivyo? Kusoma sijui, lakini macho niko nayo. Kila siku naona hii upande inanona, na hii upande inakonda. Nikajua hii ikiisha, mimi naenda London." Akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. "Nilipikia githeri. Iliiva mzuri sana."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimkumbatia, mtu mzima mimi, nikilia na kucheka, pua yangu kwenye sweta yake inayonuka mvuke. Nilikuwa nimedhani miaka yote hiyo kwamba mimi ndiye niliyeishikilia nyumba yake kwa hadithi zangu. Kumbe yeye ndiye aliyenifungulia mlango, akanisukuma ndani, akakaa kwenye ndoo yake kunisikiliza.

Simu yangu ikalia, kioo chake kipya kikang'aa. Nikaiweka sauti ya juu ili Shosho asikie.

"Sasa," akasema Anko Kimani, "nasikia ulipata kitabu nzima. Umesomea Mami? Imeisha?"

Nikamtazama Shosho. Alikuwa ameshakichukua kitabu kile chenye mwisho, akakiweka chini ya kiti, akakaa vizuri kama malkia, bila kwenda London. Akakunja mikono, akaielekezea paipu kidevu chake.

"Jitu tuliliacha limelala kwa ubavu," akasema. "Endelea hapo. Na huyo Kimani, mwambie bado."